Msilete Kitu, Leteni Neno

(Hotuba iliyosomwa asubuhi ya siku ya pili ya mkutano wa ukoo wetu, Qurayyat, na kuchapishwa katika kijitabu hiki kwa ombi la Kamati)





Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa hai, sisi tuliotawanyika Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Dubai, Leicester na Toronto, pamoja na wenyeji wetu wa hapa Qurayyat. Nawarehemu waliokuwa nasi katika mkutano uliopita na leo hawapo. Nawashukuru pia kinamama ambao tangu alfajiri wako jikoni kwa ajili yetu, nami naahidi kutowacheleweshea chakula chao.

Kamati imenitaka nieleze kazi niliyoifanya katika utumishi wangu wa Serikali. Nimeambiwa kwamba watoto wamekuwa wakiulizana kama Babu alikuwa akichimba dhahabu au akichimba makaburi. Jawabu, wajukuu zangu, ni kwamba sikuchimba chochote. Mimi si mwanaakiolojia. Mwiko wa kuchimbia niliushika mara chache, na kila mara aliyesoma zaidi yangu aliniomba niurudishe. Kazi yangu ilikuwa kukaa baina ya wataalamu na watu wa mahali: kuwapeleka wanafunzi kwenye athari za kale, kuwaleta wazee skulini, na kuwasikiliza wote wawili wanapolaumiana. Siku hizi kazi hiyo ina jina zuri, huitwa akiolojia ya jamii na elimu ya urithi. Sisi tulikuwa tukiifanya kabla hatujajua inaitwaje.

Nitaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwani yote nitakayoyasema yanaelekea kwenye jambo tutakaloliamua leo baada ya sala ya adhuhuri, nalo ni karatasi za kasha la Bibi.

Naanza na kosa langu la kwanza. Mwaka 1981, nikiwa kijana wa miaka 22, nilikuwa mwalimu katika skuli moja ya kusini ya Unguja, si mbali na Unguja Ukuu. Wanafunzi wangu walikuwa na mchezo wa duka, na fedha yao ilikuwa vigae walivyoviokota ufukweni na makondeni. Vyengine vilikuwa vya udongo mwekundu wenye michoro ya kukwaruza. Vyengine vilikuwa na rangi ya samawati inayoelekea kijani, inayong'ara kama kioo, na hivyo ndivyo vilivyokuwa noti kubwa. Vigae hivyo vilitoboa mifuko ya sare za skuli. Siku moja niliwapanga foleni, nikawaamuru waikung'ute mifuko yao baharini, mmoja mmoja. Niliona nimefanya kazi ya mwalimu.

Nisilolijua siku ile ni kwamba tangu mwaka 1966 mtaalamu Neville Chittick alikuwa ameshaandika juu ya vyombo vya kigeni vya Unguja Ukuu na juu ya dinari ya zama za Bani Abbas iliyopatikana hapo. Baadaye Mzanzibari mwenzetu, Abdurahman Juma, alichimba huko kwa utaratibu, na kitabu chake cha mwaka 2004 kikaonyesha kuwa palikuwa na mji wa biashara tangu kiasi cha karne ya 6 hadi ya 10, wenye vyungu vya kienyeji pamoja na vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba na hata China. Vile vigae vya samawati vilitoka pande hizi tulizokaa leo. Na biashara haikuwa ya upande mmoja: huko Sharma, bandari ya kale ya pwani ya Hadhramaut, wachimbaji walikuta vyungu vilivyofinyangwa Afrika Mashariki karne kumi hivi zilizopita. Kwa hiyo mtoto wa Unguja Ukuu alikuwa ameshika mkononi kitu kilichosafiri kwa pepo za kaskazi, miaka elfu na zaidi kabla ya babu zetu kufunga safari yao, na mwalimu wake akamwamuru akitose.

Nilihamia Oman mwaka 1986, mtu mzima mwenye mke na mtoto mmoja, cheti cha ualimu, Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha skuli. Niliajiriwa ukarani, kazi ya kupiga chapa barua na kupanga mafaili. Ilikuwa miaka ambayo nchi inayatazama mambo yake ya kale kwa jicho jipya: sheria ya kuhifadhi urithi wa taifa ilikuwa imetoka mwaka 1980, ngome ya Bahla ikaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na makaburi ya kale ya Bat, al-Khutm na al-Ayn mwaka 1988. Walipotafuta mtu wa kufuatana na wanafunzi, mkubwa wangu alikumbuka kuwa niliwahi kuwa mwalimu. Sikumwambia habari za vigae.

Hivyo ndivyo nilivyofika Qurayyat. Kwa nyinyi mliotoka mbali, mji huu uko kiasi cha kilomita 80 na kitu kusini mashariki ya Muscat, na mnara mliouona jana jioni juu ya mwamba wa bandarini ndio alama yake. Mwaka 1507 meli za Kireno chini ya Afonso de Albuquerque ziliingia hapa, mji ukachomwa moto na watu wake wakafanyiwa ukatili usiosimulika mbele ya watoto. Meli hizo hazikutoka Ureno moja kwa moja. Mwaka ule ule zilikuwa katika msafara ulioichoma Barawa na kuiteka Sokotra, na miaka miwili kabla yake, mwaka 1505, Wareno walikuwa wameshaivamia Kilwa na Mombasa. Waliokuwa wakiomboleza hapa na waliokuwa wakiomboleza kwetu walikuwa na msiba mmoja.

Lakini historia ya Qurayyat haikuanza na Wareno. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Carl Phillips na Tony Wilkinson, walichapisha taarifa ya malundo ya makombe waliyoyakuta karibu na mji huu. Yapo pia ya Khor Milkh, ambako utafiti uliendelea baadaye. Ni mabaki ya mlo wa wavuvi waliokaa hapa zaidi ya miaka elfu tano iliyopita. Ukipita bila ya kuambiwa utasema ni jaa. Ngome hujitetea kwa ukubwa wake, kila mtu akiiona hujua kuwa ni ngome. Lundo la makombe halina mtetezi ila yule anayelijua.

Hapa ndipo lilipotokea kosa langu la pili. Katika miaka ya mwanzo tulitumwa, mimi na wenzangu, kwenye lundo moja nje ya kijiji cha pwani. Tuliweka uzio wa waya na bango lenye maneno ya sheria. Kabla ya adhuhuri kazi ilikwisha, tukanywa kahawa ya watu wa kijiji, tukaondoka. Miezi sita baadaye nilirudi nikakuta waya umekatwa, nguzo zimejenga zizi la mbuzi, na robo ya lundo imechukuliwa kwa trekta kufukia mashimo ya njia. Nilikwenda kwa mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa mkubwa wa mahali pale, nikamlalamikia kwa sauti isiyostahili kutumiwa na kijana mbele ya mzee. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema:

"Mliomba kahawa, tukakupeni. Mngetuuliza njia, tungekwambieni. Uzio wenu umeikata njia ya wanawake wanaokwenda kisimani. Na bango lenu limeandikwa kuwa hii ni mali ya Serikali. Basi mali ya Serikali si ailinde Serikali?"

Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina. Tulilolifanya ni kuusogeza uzio na kuirudisha njia, na mimi nikamwomba mzee yule aje skulini kuwaeleza watoto jinsi wavuvi wa zamani walivyoishi. Alikuja na wavu wake wa pamba aliorithi kwa baba yake. Tangu siku ile lundo lile halikuguswa, na hapakuwa na askari.

Haya si ya hapa peke yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani mawimbi, mvua na miti vilikuwa vikiyaangusha. Yalipotolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, sehemu kubwa ya sifa ilikuwa ya wanavijiji wenyewe, waliochoma chokaa, wakajifunza kuzitengeneza kuta na wakaunda kamati zao za kuyaangalia magofu. Mtu aliyeujenga upya ukuta kwa mkono wake habomoi mawe yake kwa ajili ya msingi wa nyumba.

Kazi ya skulini nayo ilikuwa na mtihani wake. Mwanzo niliwashindanisha wanafunzi, atakayeleta kitu cha kale kizuri atapewa kalamu ya wino. Wiki iliyofuata meza yangu ilijaa. Palikuwa na jiwe lililochongwa shingo, la kuzamishia wavu, zuri kupita kiasi. Nikamwuliza mtoto alikoliokota. Akasema hakumbuki, labda pwani, labda kwa mjomba wake. Mtaalamu aliyekuja kuliangalia alilipindua mara mbili, akaliweka mezani, akatikisa kichwa. Jiwe likiwa mahali pake, pamoja na makombe, majivu na mifupa ya samaki iliyo kando yake, husema nani alikaa pale na lini. Likiwa peke yake juu ya meza ya mwalimu ni jiwe tu. Kwa kalamu moja ya wino nilikuwa nimewafundisha watoto kuvuruga kile nilichotumwa kukilinda.

Basi nikaibadilisha amri. Nikawaambia: "Msilete kitu, leteni neno. Ukiona kitu kiache palipo, nenda kamwulize mkubwa wako, kisha uniletee alilolisema." Walileta majina ya pepo na ya miamba, majina ya visima vilivyofukiwa, habari za mahali majahazi yalipopandishwa kutiwa sifa. Mtoto mmoja alileta neno la babu yake kwamba bonde fulani lina njia mbili za kutokea baharini, na moja imelala lakini haijafa. Tuliandika, tukatia faili. Juni mwaka 2007, kimbunga Gonu kilipoipiga Oman na kuua watu kiasi cha 50, Qurayyat ikiwa miongoni mwa miji iliyoumia sana, bonde lile liliamka kwa njia yake ya pili. Neno la babu lilikuwa bado limo katika faili langu. Hilo nalo nalitia katika hesabu ya makosa, kwamba nililihifadhi vizuri na sikulifikisha kwa waliokuwa wakijenga nyumba.

Miongoni mwa walioleta neno alikuwa mama yangu, Mungu amrehemu. Wengi wenu mnamkumbuka. Alihamia kwetu mwaka 1991, na siku moja, kwa kuwa hakutaka kubaki nyumbani peke yake, nilimchukua katika msafara wa wanafunzi kwenye lundo la makombe. Palikuwapo mtaalamu mgeni akieleza. Mara nikamwona Mama ameinama, ameokota kombe refu la mchongoma, hali nimetoka kuwakataza watoto wasiokote. Nikaona haya. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Mama, kirejeshe." Hakunisikiliza. Akakipindua, akasema:

"Mwanangu, hii tondo. Tazama kitako chake, kimevunjwa kwa makusudi wapate kumfyonza. Wakati wa vita vya Hitler, mchele ulipoadimika Unguja, mimi na mama yangu tulikwenda mikokoni tukiwaokota, na tukivunja hivi hivi. Hawa watu walikuwa wana njaa, au walikuwa wakimpenda?"

Nilimfasiria mgeni. Alifungua daftari lake akaandika, kisha akamwomba Mama aonyeshe kwa mkono jinsi wanavyovunja. Wanafunzi walimzunguka. Mimi, niliyekuwa nikilipwa mshahara kwa kazi ya kuuliza wazee, nilikuwa nimekaa na mama yangu miaka yote sikumwuliza alikula nini utotoni. Tondo huyo siku hizi karibu ametoweka katika pwani za Oman, lakini mikokoni kwetu bado yupo.

Baada ya siku ile nilinunua kaseti mpya, na mwaka 1993 nikamrikodi. Alizungumza upande mmoja mzima: nyumba ya Bibi, waliozaliwa na waliokufa, nani alimlea nani, na kwa nini matawi mawili ya ukoo huu hayakusemeshana kwa miaka mingi. Nikaandika juu yake "Mama", nikaiweka katika mkoba wa kazi. Mwaka 1996, katika sherehe ya skuli moja ya milimani, kaseti zangu ziliisha. Nikaichukua ile, nikajiambia nitatumia upande wa pili. Mama alifariki mwaka 2001. Mwaka uliofuata nilitamani kuisikia sauti yake. Nikaitia kaseti katika redio, nikabonyeza, ikatoka sauti ya mwalimu mkuu akiwakaribisha wageni. Nikageuza upande wa pili. Ulikuwa mtupu.

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa karani, na daftari nilikuwa nalo.

Msidhani kaseti zimekwisha. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka pale Forodhani, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, simu zetu sote zilijaa. Kila mmoja alituma sauti yake: nani alipanda zile ngazi mkono kwa mkono na baba yake, nani alisubiri saa igonge ndipo arudi nyumbani. Watu wawili walipoteza maisha siku ile, nasi tulilia kutoka nchi tano. Majuzi nilipoziuliza zile sauti, karibu kila mtu aliniambia amezifuta ili apate nafasi katika simu.

Sasa nafika kwenye kasha. Kasha la Bibi liko nyumbani kwa dada yangu mkubwa. Ndani yake zimo karatasi zipatazo 40: barua, hati za mashamba, hesabu za jahazi. Nyingi ni Kiswahili kilichoandikwa kwa harufu za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wote. Limetolewa pendekezo kwamba karatasi zigawiwe, kila nyumba ichukue fungu lake, ili pasiwe na manung'uniko. Nia ni njema na waliolitoa nawaheshimu. Lakini naomba niwasimulie lililotokea usiku wa kuamkia jana.

Mjukuu wangu wa Leicester, msichana, anakisikia Kiswahili cha nyumbani sawasawa, lakini harufu za Kiarabu kwake ni michoro. Mjukuu wangu wa hapa Qurayyat, mvulana, anazisoma harufu zile kama anavyokunywa maji, lakini Kiswahili chake ni cha "karibu" na "ahsante". Niliwapa barua moja. Mvulana akawa anasoma kwa sauti asiyoyajua maana yake, na msichana anasikiliza. Wakaenda vizuri mpaka mvulana aliposoma: "Nimepokea baba wawili wakavu." Tukatazamana. Mama yake alianza kucheka kabla yetu. Msichana akaruka: "Si baba, ni papa! Papa wakavu!" Kwani mwandishi alitumia harufu moja kwa *b* na kwa *p*, na msomaji wa zamani alijua mwenyewe. Ni barua ya Bibi kwa kaka yake aliyekuwa Oman. Anamshukuru kwa papa wawili na kanda la tende, kisha anamlaumu kwamba kanda alilifungua lote mpaka chini, na ndani yake hakukuta barua.

Ndugu zangu, hakuna nyumba moja katika ukoo huu inayoweza kuisoma barua ile peke yake. Ikienda Leicester haitasomwa, ikibaki Qurayyat haitafahamika. Tukizigawa karatasi hizi tutakuwa tumefanya kama wale wanafunzi wangu: kila mmoja atapata jiwe zuri la kuweka mezani, na hapatakuwa na wa kusema lilitoka wapi.

Kwa hiyo naomba mkutano wa mchana uzingatie mambo matatu. Kwanza, karatasi zisigawiwe. Zipigwe picha zote, kila nyumba ipewe picha zote, na asili zibaki pamoja. Na tukikubaliana baadaye, ipo hapa Oman Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka iliyoundwa mwaka 2007, na zipo Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, wanaojua kutunza karatasi kuliko sisi. Pili, vijana wapangwe wawili wawili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kusikia, na kila jozi ipewe barua zake za kufanyia kazi kwa simu mpaka tutakapokutana tena. Tatu, kila nyumba, kabla ya mkutano ujao, imrikodi mzee mmoja, iandike jina, tarehe na mahali, na nakala iwekwe katika nyumba nyengine, katika nchi nyengine. Na wenye picha za zamani, ziandikeni nyuma kwa penseli ni nani na nani, maadamu wapo wanaojua.

Wazee wangu, nanyi nina ombi kwenu. Mtoto akikuulizeni jambo, msimwambie kesho. Mimi nimeitumia ile kesho, naijua.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape shifaa wagonjwa wetu, na atukutanishe tena katika kheri.